Viti vya juu kabisa katika majumba ya maonyesho ya London: lini ununue, lini uache

Mama mdogo alisimama katikati ya ngazi, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni, akihema. Tulishakata kona tano na mshale ukutani bado ulikuwa unaelekeza juu. "Mwanangu," akaniuliza, "tunakwenda kutazama mchezo au tunakwenda mbinguni?"

Hakujua kwamba amelenga penyewe. Waingereza huviita viti vile vya juu kabisa "the gods", yaani kwa miungu, kwa kuwa dari za majumba ya zamani zilichorwa mawingu na miungu, na aliyekaa huko alikuwa jirani yao. Wafaransa wana majina mawili: peponi, na banda la kuku. Yote matatu ni ya kweli, inategemea umenunua kiti gani.

Kila ndugu au rafiki anayekuja London, awe ametoka Dar, Mombasa au Leicester tu kwa treni, huniuliza swali lile lile. Ameona onyesho moja, siku moja, saa moja, tiketi moja paundi 25 na nyingine paundi 140. Je, ya 25 inafaa au ni kutupa hela? Jibu langu la haraka: kwenda juu hakuna ubaya, ubaya uko kwenye kwenda pembeni. Ukikaa juu katikati unaliona onyesho zima, ila limekuwa dogo. Ukikaa pembeni kabisa unaona nusu yake, hata kama uko karibu. Yanayofuata ni ufafanuzi wa hilo, pamoja na vighairi, maana vipo.

Nalijua kwa kuumia. Tiketi yangu ya kwanza katika jiji hili niliinunua kwa kuangalia bei tu. Kiti kilikuwa mwisho wa safu, na mbele yake kidogo palikuwa na nguzo nyembamba ya chuma, imepakwa rangi ya dhahabu, nzuri kweli. Upande wa kushoto wa jukwaa wote ulijificha nyuma yake. Mchezo ulikuwa wa mfalme, na mfalme akafia upande wa kushoto. Nilimsikia tu akifa. Tiketi ilikuwa imeandikwa "Restricted View", yaani hapa huoni vyote, kwa herufi ndogo, na mimi nilidhani ni yale maneno ya kisheria ambayo hakuna anayeyasoma.

Jua jumba limejengwaje

Majumba mengi ya West End, lile eneo la maonyesho katikati ya London, yalijengwa kuanzia miaka ya 1880 hivi hadi karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia. Wasanifu wawili walitia fora katika kazi hiyo. Frank Matcham alijenga London Coliseum (1904), London Palladium (1910) na Victoria Palace (1911). W.G.R. Sprague alijenga Wyndham's (1899) na mengine kadhaa ya ukubwa wa wastani. Ardhi ya katikati ya jiji ilikuwa ghali, watu walikuwa wengi, kwa hiyo viti vikarundikwa juu ya viti: ghorofa tatu, wakati mwingine nne, zote zikitazama jukwaa moja.

Na zilipangwa kwa matabaka. Mwenye nacho aliingia mlango mkuu wenye mazulia na vioo. Mlalahoi aliingia mlango wa uchochoroni, akapanda ngazi zake za saruji, akakaa kwenye benchi bila kukutana na tajiri hata mara moja. Benchi zimeondoka lakini ngazi zipo, na katika baadhi ya majumba hata ule mlango wa uchochoroni bado ndio wako.

Sasa zile nguzo. Zamani roshani zote zilishikiliwa na nguzo zilizosimama katikati ya watazamaji. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wakaanza kutumia mihimili ya chuma cha pua iliyopachikwa ukutani, roshani ikatokeza mbele bila kushikiliwa chini. Palace Theatre ya mwaka 1891 ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kujengwa hivyo. Kwa hiyo mwaka wa ujenzi unakwambia kitu kabla hujaangalia ramani ya viti: jumba likiwa la kabla ya hapo, hesabu kwamba kuna nguzo mahali fulani, kisha itafute iko wapi.

Majina utakayoyaona kwenye tiketi ni haya. "Stalls" ni viti vya chini, usawa wa jukwaa. "Dress Circle" au "Royal Circle" ni roshani ya kwanza. "Upper Circle" au "Grand Circle" ni ya pili. "Balcony" au "Gallery", pale ilipo, ni ya tatu, na huko ndiko kwa miungu. "Slips" ni vile viti vya ubavuni vinavyofuata ukuta kuelekea jukwaani. Ukivuka kwenda New York majina yanageuka: "Orchestra" huko si kukaa na wapiga muziki, ni viti vya chini, na "Mezzanine" ndiyo roshani. Nimemwona mtu akikataa tiketi nzuri kwa kuogopa kelele za tarumbeta.

Jumba moja London limepindua mpango huu wote. Shakespeare's Globe, lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997, limefuata desturi ya enzi ya Shakespeare mwenyewe: wa bei nafuu husimama chini uani, mbele ya jukwaa, bila paa, na mwenye hela hupanda kwenye roshani akae. Zamani kusimama ilikuwa peni moja. Huko, wewe wa bei ya chini ndiye unayetemewa mate na wafalme. Vaa koti la mvua.

Hatua ya kwanza: unakwenda kutazama nini?

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanauliza kiti kizuri kabla ya kuuliza onyesho lenyewe linatazamwaje.

Dansi na balei, panda juu bila kusita. Mpangaji wa dansi huchora maumbo sakafuni: duara linafunguka, mistari inapishana, kundi la watu ishirini linageuka kama ndege. Aliyekaa safu ya nne chini anaona miguu na jasho, umbo lenyewe halioni. Ni kama pale Uwanja wa Benjamin Mkapa. Wa VIP anaona sura ya mchezaji na anaonwa na kamera, lakini aliyekaa mzunguko, juu, ndiye anayeona winga ameachwa peke yake kabla hata kocha hajaona.

Michezo ya nyimbo ni hadithi ndefu zaidi, kwa sababu kila mmoja umejengwa kivyake. Chukua Hamilton, hadithi ya mmoja wa waasisi wa Marekani, iliyo Victoria Palace tangu Desemba 2017. Sakafu ya jukwaa ina maduara mawili yanayozunguka, moja ndani ya jingine, na yanaweza kwenda pande tofauti kwa wakati mmoja. Ukiwa chini unahisi tu kwamba watu wanateleza. Ukiwa Grand Circle unaona saa ikizunguka na watu wakiwa mishale yake. Nawashauri watu waende juu hapo bila hofu, mradi wawe wameusikiliza muziki kwanza, maana maneno yanakwenda mbio.

The Phantom of the Opera, iliyoanza kuchezwa His Majesty's mwaka 1986, ina taa kubwa ya vioo inayoning'inia juu ya watazamaji, na hiyo taa ni mhusika kamili. Aliyelipa bei kubwa akakaa nyuma kabisa ya Stalls, chini ya roshani, roshani hiyo inamkatia sehemu ya juu ya ukumbi, na taa ipo huko huko. Aliye juu, wa bei ndogo, anaitazama ana kwa ana. Kumbuka mfano huu, nitaurudia.

Halafu ipo The Lion King, iliyotokana na ile katuni ya Disney ya mwana wa simba, ambayo kila Mswahili anayefika London anataka kuiona, na ni haki yake. Simba ni Simba, Rafiki ni rafiki, na pale ukumbi mzima wa Wazungu unapoitikia hakuna matata wewe unajisikia kama mwenye shamba. Iko Lyceum tangu Oktoba 1999, jumba la viti karibu 2,100. Hapo jibu langu lina pande mbili.

Upande wa kwanza: mwanzo wake umejengwa kwa ajili ya watu wa chini. Rafiki, yule nyani mganga, anaita, na wanyama hawatoki nyuma ya pazia peke yake. Wengine wanaingia kwa milango ya nyuma ya ukumbi, tembo mzima akipita kwenye njia katikati ya viti vya Stalls kuelekea jukwaani. Ukiwa Grand Circle unaona vichwa vya watu wa chini vinageuka nyuma, unasikia wakishangaa, na wewe hujui wanashangaa nini mpaka tembo ameshafika mbele. Kwa mtoto wa miaka saba hilo ni pengo kubwa. Ile dakika ndiyo atakayoisimulia shuleni.

Upande wa pili: baadaye wachezaji wanaingia na nyasi zimepandwa kwenye vibao vichwani mwao, wanatembea pamoja, na nyika nzima inatembea. Kutoka chini unaona watu waliovaa nyasi kichwani. Kutoka juu watu wanapotea, unaona nyasi tu zikiyumba. Mimi nimekulia Same. Niliiona Mkomazi pale, ile ya mwezi wa Oktoba, nyasi zimekauka zinasubiri mvua, na sikutegemea koo lingenikaba. Aliyelipa mara tano ya bei yangu hakuona hivyo. Ila kutoka huko huko juu, nyumbu wanapokimbia, utaona pia kwamba walio nyuma wamechorwa kwenye magogo yanayozungushwa. Ujanja wa macho umepangwa kwa anayetazama kutoka mbele. Kwa hiyo: ukienda na watoto, jibanebane upate Stalls karibu na njia, au mbele ya Royal Circle. Ukienda peke yako, au unakwenda mara ya pili, panda juu.

Opera haina mjadala mrefu. Waimbaji wa opera kwa kawaida hawatumii maikrofoni, na sauti hupanda. Huko juu unasikia vizuri kuliko aliyekaa nyuma kabisa chini ya roshani, ambaye sauti inamfikia imeshamezwa na dari iliyo juu ya kichwa chake. Ndiyo maana kwenye miji ya opera walio juu ndio mabingwa wa kusikiliza. Pale La Scala, jumba la opera la Milano, Desemba 2006, watu wa roshani ya juu walimzomea mwimbaji Roberto Alagna katikati ya opera ya Aida, akatoka jukwaani, na mwimbaji wa akiba ikabidi aingie na nguo zake za kawaida aendelee. Vienna kuna nafasi za kusimama za bei ndogo, na mtu hufunga skafu kwenye chuma kuonyesha hapa pana mwenyewe. Royal Opera House ya London nayo ina viti vyake vya juu, vinavyoitwa "Amphitheatre". Ndiko ninakokaa mimi.

Kinachobaki ni mchezo wa maneno matupu, watu wawili watatu chumbani wakigombana. Huo ndio ninaosita kuupandia juu. Kazi yote iko usoni: jicho linalokwepa, mdomo unaotetemeka. Kutoka roshani ya tatu unaona utosi. Kama mchezaji ni yule nyota wa filamu uliyemfuata kwa sababu ya sura yake, toa hela au subiri bahati nasibu ya tiketi. Nitaieleza chini.

Hatua ya pili: ukubwa wa jumba

Hii ni fupi. "Juu" ya jumba dogo si sawa na "juu" ya jumba kubwa. Wyndham's ina viti karibu 800. Kiti chake cha mwisho juu kiko karibu na jukwaa kuliko viti vingi vya katikati pale Coliseum, yenye zaidi ya 2,300. Tafuta idadi ya viti kabla ya kununua. Chini ya 900, jiamini. Zaidi ya 2,000, beba darubini.

Majumba mapya, kama ukumbi wa Olivier pale National Theatre (1976), yamejengwa kama kipepeo cha mkono, viti vinapanda kwa mteremko bila nguzo. Humo kiti cha bei ndogo hakina hila nyingi.

Hatua ya tatu: kusoma ramani ya viti

Fungua tovuti ya jumba lenyewe, chagua siku, ramani itajitokeza na rangi zake. Usiguse kiti chochote kwanza. Tazama mambo haya, kwa mpangilio huu.

Anza na mstari wa katikati. Chora kwa macho mstari kutoka katikati ya jukwaa kupanda juu, kisha hesabu viti vinane au tisa kila upande. Humo ndimo unamotafuta. Roshani nyingi za London zimepinda kama kiatu cha farasi, na kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo unavyoanza kutazama ukuta wa upande wa pili, jukwaa likiwa begani mwako. Viti vya Slips ni vya kutegesha shingo. Nimewahi kukaa huko saa tatu na siku ya pili nikashindwa kugeuka kumwitikia dereva wa basi.

Kisha tazama safu ya kwanza, na uiogope. Watu huikimbilia wakidhani safu A ya roshani ya juu ni bahati. Mbele yake kuna ukingo, na juu ya ukingo kuna chuma cha usalama. Mtu wa kimo cha wastani akikaa sawasawa, kile chuma kinapita katikati ya jukwaa, kwenye vifua vya wachezaji. Atajiinua mbele kukikwepa, na akijiinua tu anawaziba wa safu B, nao wanajiinua, mpaka roshani nzima imeinama kama watu wanaochungulia kisimani. Zaidi ya hapo, nafasi ya miguu pale mbele mara nyingi ni finyu kuliko kwingine kote. Safu ya C au D katikati ndiyo chaguo langu la kudumu. Sakafu huko juu ina mwinamo mkali, kwa hiyo kichwa cha wa mbele hakikusumbui.

Sasa ule mfano wa taa. Kiti kilicho chini ya roshani nyingine kinakatwa juu. Viti vya nyuma kabisa vya Dress Circle hutazama kupitia mwanya, kama unachungulia kwenye dirisha la kibanda cha kukatia tiketi. Kama mchezo una daraja, ngazi, mtu anayeruka kwa kamba au chochote cha juu, hutakiona. Ndiyo maana mara nyingi mbele katikati ya Upper Circle kwa paundi 35 ni pazuri kuliko nyuma kabisa ya Dress Circle kwa 70. Ghorofa ni ya chini zaidi, bei ni maradufu, na unachoona ni pungufu.

Halafu tafuta mpaka wa bei, jambo ninalolifurahia kuliko yote. Rangi kwenye ramani hubadilika mahali fulani. Tuseme safu C ni paundi 60 na safu D ni 38. Kati ya C na D kuna kama sentimita 80 za sakafu. Hakuna kinachobadilika machoni, aliyepaka rangi alilazimika tu kuishia mahali. Kaa upande wa nafuu wa mpaka. Mipaka ya kuelekea pembeni ni tofauti kidogo, kwa sababu huko mara nyingi wana sababu: kiti cha mwisho kikishuka bei ghafla, uliza nguzo iko wapi.

Mwisho kabisa, picha. Iko tovuti inayoitwa SeatPlan ambako watazamaji huweka picha walizopiga wakiwa kwenye kiti, na maelezo ya magoti yao. Tafuta jumba, safu, na namba. Picha ya simu huonyesha jukwaa dogo kuliko jicho linavyoona, kwa hiyo usitishike na udogo, tazama kama kuna kitu kimekatiza. Mtu akilalamika kuhusu nafasi ya miguu, angalia kama amesema urefu wake. Mlalamikaji wa futi sita na nusu si wa kumsikiliza kama wewe ni wa futi tano.

Maneno "Restricted View" yenyewe si hukumu ya kifo. Wakati mwingine ni chuma cha usalama tu kwenye kona ya chini, wakati mwingine ni nguzo nzima. Picha ndiyo itakayokwambia.

Hatua ya nne: wapi na lini kununua

Nunua kwenye tovuti ya jumba au ya onyesho lenyewe. Wauzaji wa kati wapo wa halali, lakini huongeza ada, na ada ya paundi 8 juu ya tiketi ya 25 imeshakula faida yote ya kupanda ngazi. Ukiwa jijini tayari, pita dirisha la tiketi la jumba, muulize mhudumu: "Kwa bei hii, wewe ungekaa wapi?" Wanajua kila kiti kibaya, na nimekuta wengi wao ni wakweli kuliko ramani.

Jumanne hadi Alhamisi ni nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi. Bei siku hizi hupanda na kushuka kama za ndege, kwa hiyo onyesho linalojaa linunulie mapema, lisilojaa lisubiri. Linaposuasua, wakati mwingine jumba hufunga roshani ya juu siku hiyo na kuwashusha watu wake viti vya chini bila kuwadai senti. Imenitokea mara mbili, zote mchana wa katikati ya wiki. Usiiwekee bajeti.

Kabla hujabonyeza, linganisha na njia nyingine za kupata kiti cha chini kwa hela ndogo. Kibanda cha TKTS pale Leicester Square, kilichopo tangu 1980, huuza tiketi zilizopunguzwa bei. Programu ya TodayTix ina tiketi za siku hiyo hiyo na ile bahati nasibu niliyoitaja. Maonyesho mengine hutoa viti vichache vya safu ya mbele kabisa kwa bei ndogo siku yenyewe. Kwa mtu mmoja mwenye muda, hizo ni nzuri. Kwa familia ya watu wanne waliotoka Arusha na wana usiku mmoja tu, hapana. Huwezi kuwaweka watoto kwenye bahati nasibu. Nunueni viti vinne vya juu katikati, vinavyofuatana, kwa paundi 100, badala ya 400 za chini, tofauti ikawe chakula na nauli.

Nani asipande

Mwenye goti bovu, mwenye pumu inayomsumbua, mjamzito wa miezi ya mwisho. Majumba mengi ya zamani hayana lifti ya kufika juu, na idadi ya ngazi huandikwa kwenye tovuti chini ya maelezo ya ufikikaji. Isome kabla hujamwalika mzazi wako. Mimi sikuisoma. Mama mdogo alifika, lakini alikosa dakika kumi za kwanza akimeza pumzi.

Anayeogopa urefu asijaribu kuwa shujaa. Balcony ya Palace, kwa mfano, ni mteremko mkali kweli; ukisimama kumpisha mtu unahisi kama uko ukingoni mwa paa. Na mtoto mdogo anayehitaji mto wa kumwinua: uliza kwanza kama mito hiyo inaruhusiwa ghorofa ya juu. Mara nyingi hairuhusiwi, kwa sababu ya ule ule ukingo.

Siku yenyewe

Fika dakika 30 kabla. Soma tiketi ujue mlango ni upi, maana ukiingia mlango mkuu na tiketi ya Balcony unaweza kutolewa nje uzunguke kona. Nenda msalani ukiwa bado chini: vyoo vya juu ni vichache, mapumziko ni dakika 15 au 20, na foleni ya akina mama haina huruma.

Vaa nguo za kuvulika. Joto hupanda, na wewe umelifuata. Hata Januari utavua koti, na hakuna pa kuliweka isipokuwa magotini, kwa hiyo usije na begi la safari. Darubini ndogo ya kutazamia ndege inatosha. Baadhi ya majumba yana vidarubini vilivyofungwa kwenye mgongo wa kiti cha mbele, unatumbukiza sarafu kinafunguka. Si kila mahali vimebaki, beba yako. Usiitumie muda wote. Itazame sura mara moja mwanzoni, umjue nani ni nani, kisha iweke upate picha nzima. Na ukikaa, egemea nyuma. Ukiinama mbele umemwibia wa nyuma yako tiketi yake, na huyo naye amepanda ngazi kama wewe.

Jambo la mwisho, na hili ndilo watu husahau: panganeni pa kukutania. Onyesho likiisha, walio juu mara nyingi hushushwa kwa ngazi zao hadi mtaa wa nyuma, hawapiti ukumbi wa mbele kabisa. Ndugu yako aliyekaa chini atakusubiri mlango mkuu, na simu zote zimezimwa. Sisi tulitokea kwenye uchochoro, kati ya mapipa ya takataka ya mgahawa wa Kichina, mvua nyembamba inanyesha. Mama mdogo akatazama kushoto, akatazama kulia, akafunga mtandio wake vizuri.

"Haya," akasema, "mbinguni tumeshuka. Na hapa ni wapi?"